Majanga shuleni: Kinachofaa kufunzwa mtoto kabla king'ora hakijalia

Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la wavulana la shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri. Wanafunzi 21 waliaga dunia. Bweni hilo lilikuwa makao ya wavulana 156 wa shule ya msingi, watoto ambao wengi wao walikuwa bado katika umri wa kukumbushwa na mzazi kupiga mswaki kabla ya kulala.

Yaliyofuata yanajulikana na Wakenya wengi kwa kuwa hufuata kila mkasa wa aina hiyo. Maombolezo ya kitaifa yalitangazwa, wapelelezi wakatumwa, na ukaguzi wa mabweni ukaanza kote nchini. Mwezi Novemba mwaka huo, Wizara ya Elimu iliagiza sehemu za malazi katika shule 348 zifungwe kwa kukosa kutimiza masharti ya usalama. Mjadala ulihusu milango, vitanda, msongamano na leseni. Hayo yote yalistahili kujadiliwa. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo aghalabu husahaulika pindi makaburi yanapofunikwa: mtoto mwenyewe hufunzwa nini kuhusu namna ya kuyaokoa maisha yake?

Kwa miaka mingi mikasa ya moto shuleni ilichukuliwa kuwa tatizo la shule za upili. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 waliangamia katika shule ya Bombolulu, huko Kwale. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika shule ya Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Moi jijini Nairobi, ambako wanafunzi 10 walipoteza maisha yao.

Kutokana na mikasa ya awali, wizara ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka wa 2008. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kila bweni linafaa kuwa na mlango katika kila mwisho wake na mlango mwingine wa dharura katikati. Milango hiyo iwe na upana usiopungua futi tano, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Nafasi baina ya vitanda isipungue mita 1.2, na ujia wa kupitia usipungue mita mbili.

Vipimo hivyo vinahusu jengo, na jengo ni nusu tu ya kazi. Mlango wa dharura ambao mtoto hajawahi kuupitia, pengine hata hajui kwamba upo, hautamfaa saa nane ya usiku taa zikiwa zimezimika na moshi umetanda. Wakati huo mwanadamu hukimbilia njia aliyoizoea, yaani mlango anaoutumia kila siku. Watoto zaidi ya 100 wakielekea mlango mmoja, mlango huo hugeuka kuwa mtego hata ukiwa wazi.

Mtoto mdogo huongeza ugumu mwingine ambao mtu mzima hautarajii. Anapoogopa, yeye hujificha. Wazimamoto wa nchi nyingi wameshuhudia watoto wakipatikana chini ya kitanda au ndani ya kabati, mahali ambapo kwao palionekana salama kwa kuwa moto hauonekani kutoka hapo. Isitoshe, usingizi wa mtoto ni mzito mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, nchini Scotland, waliwahi kuwapima watoto 34 kwa kuliza king'ora cha moshi usiku mara kadhaa wakiwa wamelala. Watoto 27 kati yao hawakuamka hata mara moja. Ilibainika pia kwamba king'ora chenye mlio mzito uliochanganywa na sauti ya mwanamke akiwaambia waamke kiliwazindua wengi zaidi kuliko mlio mkali wa kawaida.

Kwa hivyo, shule inayojivunia king'ora kipya bila kumteua mtu mzima wa kuwaamsha watoto kitanda kwa kitanda bado haijajiandaa. Matroni anayelala nyumba ya mbali, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, ni hatari sawa na nyaya mbovu za umeme. Baadhi ya shule duniani huwapanga wanafunzi wawili wawili, kila mmoja akiwa na wajibu wa kumtikisa mwenzake wa kitanda cha jirani kabla ya kutoka. Mpango huo hauna gharama yoyote, na mtoto wa Gredi ya Nne anaweza kuuelewa kwa dakika moja.

Mafunzo yenyewe hayahitaji maneno mengi. Mtoto afahamu kwamba moshi huua haraka kuliko miale ya moto, na kwamba hewa safi hubakia karibu na sakafu. Basi atambae. Akifika penye mlango uliofungwa, auguse kwa upande wa nyuma wa kiganja; ukiwa na joto asiufungue, atafute njia nyingine. Nguo zake zikishika moto asikimbie, kwa sababu upepo huchochea moto. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono na aviringike hadi moto uzimike. Akishatoka nje asirudi ndani kwa lolote lile, liwe sanduku, viatu vipya au kitabu cha mwalimu.

Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi kwa mtoto wa Kenya. Sanduku la bweni lina mali yake yote, na hapana shaka amewahi kuonywa nyumbani kuwa akipoteza sweta ataeleza alikolipeleka. Mzazi anafaa kumwambia waziwazi, tena mapema, kwamba kukitokea moto hakuna atakayemuuliza habari za sweta.

Hata hivyo, kuyajua hayo kwa kichwa ni jambo moja, na mwili kuyatenda bila kusubiri kufikiri ni jambo jingine. Wataalamu wa uokoaji husisitiza mazoezi kwa sababu hiyo. Mtoto aliyekariri sharti la kutambaa anaweza kupata alama zote katika mtihani na bado akasimama wima ndani ya moshi. Aliyetambaa mara sita sakafuni, wenzake wakicheka, atatambaa.

Zoezi zuri la kuondoka darasani huanza na ishara. Katika shule nyingi za mashambani kengele ni kipande cha chuma cha reli au rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Chuma hicho kinafaa kabisa, tena kina faida kuliko kengele ya umeme ambayo huenda ikanyamaza moto unapokata nyaya. Kasoro yake ni kuwa chuma hicho hicho hupigwa wakati wa mapumziko, chakula na kwenda nyumbani. Ni lazima dharura iwe na mpigo wake wa pekee, usiotumiwa kwa jambo jingine lolote, na kila mtoto autambue tangu chekechea. Mtoto asiyesikia apangiwe mwenzake wa kumgusa begani. Anayetumia kiti cha magurudumu awe na watu wazima wawili wanaojulikana kwa majina, na darasa lake, ikiwezekana, liwe ghorofa ya chini.

Ishara inapotolewa, mwalimu husimama mlangoni akiwa na rejista mkononi. Wanafunzi hutoka kwa safu, bila mikoba, bila kukimbia, bila kusukumana. Mahali pa kukutania pawe mbali na majengo, wala pasiwe kwenye njia ambayo gari la zimamoto litapitia. Hapo majina huitwa. Kuita majina si kazi ya karani. Rejista hiyo ndiyo itakayowaambia waokoaji iwapo wana sababu ya kuingia ndani ya moto au la. Kijana aliyepanda boda boda na kwenda nyumbani bila kuaga anaweza kusababisha kifo cha mzimamoto anayemtafuta.

Zoezi la kwanza litangazwe mapema ili wadogo wasitishike. Lile la tatu au la nne lisitangazwe. Kisha mwalimu mbunifu aweke kiti mbele ya mlango wa kawaida na kuandika "MOTO" kwenye kipande cha karatasi, ili wanafunzi walazimike kutumia njia ya pili. Wenye mabweni nao hawana budi kufanya zoezi usiku. Shule zinazofanya zoezi mchana pekee, saa nne asubuhi baada ya uji, zinawafunza watoto kuokoka janga ambalo limekubali kuja saa nne asubuhi.

Si kila janga lina moto. Jioni ya Februari 3, 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani kwenda nyumbani ulipotokea mkanyagano kwenye ngazi za jengo la ghorofa. Zaidi ya watoto 10 walifariki. Palitokea msukumano mahali pembamba, tena katika saa ya furaha kuliko zote za siku ya shule.

Mkasa huo unafunza kuwa kushuka ngazi ni somo. Watoto wazoezwe kushikilia upande mmoja, kutomsukuma aliye mbele, na kusimama mara moja mtu akianguka huku wakipaza sauti ili walio juu wasimame pia. Madarasa yaachiliwe kwa zamu. Shule nyingi za mijini zimejenga ghorofa kwa kukosa ardhi, lakini ratiba zao bado ni za shule ya chini: kengele moja, na watoto wote nje kwa wakati mmoja.

Swali gumu kuliko yote katika mafunzo haya linahusu utiifu. Shule nyingi za humu nchini humfunza mtoto kungoja. Husimama akiamriwa kusimama na huketi akiamriwa kuketi. Utiifu huo ni wa manufaa wakati wa zoezi, kwani bila utaratibu kuna mkanyagano. Lakini itakuwaje ikiwa mtu mzima hayupo, au yupo na amekosea?

Japani ilipata jibu la swali hilo kwa njia ya uchungu. Machi 11, 2011, tetemeko kubwa la ardhi lilitikisa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo na kufuatiwa na tsunami. Katika mji wa Kamaishi, watoto wa shule walikuwa wamefunzwa kwa miaka kadhaa kwamba wasingoje kuambiwa na wasiamini ramani kupita macho yao. Wakimbilie mahali pa juu, na wakifika wajiulize kama kuna pa juu zaidi. Wanafunzi wa shule ya upili ya chini ya Kamaishi Higashi walianza kukimbia. Wale wa shule ya msingi ya Unosumai iliyokuwa jirani walipowaona, nao wakatoka na kuwafuata. Njiani wakubwa waliwashika wadogo mikono. Walipofika mahali pa kwanza palipopangwa waliona si salama, wakaendelea kupanda. Karibu wanafunzi wote 3,000 wa mji huo waliokoka.

Siku hiyo hiyo, katika shule ya msingi ya Okawa, mji wa Ishinomaki, watoto walikusanywa uwanjani wakiwa wametulia na kupangwa vyema. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Walimu walijadiliana wapi pa kwenda, na takriban dakika 50 zikapita. Maji yalipofika, watoto 74 na walimu 10 waliangamia. Baadaye mahakama iliamua kwamba shule na wakuu wa elimu walikuwa na wajibu wa kuwa na mpango ulio wazi kabla ya siku hiyo, na uamuzi huo ulithibitishwa na mahakama ya juu kabisa mwaka wa 2019.

Watoto wa Okawa hawakukosa nidhamu. Walikosa watu wazima wenye mpango. Funzo kwa mwalimu wa Kenya halimtaki aache kuamrisha. Linamtaka afunze sababu ya kila amri ili mtoto aweze kujiamuru siku ambayo hakuna wa kumwamrisha. Vilevile linamtaka amsikilize. Mnamo Desemba 26, 2004, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliyaona maji ya bahari yakibadilika katika ufuo wa Phuket, Thailand. Alikuwa amefunzwa dalili za tsunami katika somo la jiografia majuma mawili tu kabla ya hapo. Aliwaambia wazazi wake, ufuo ukaondolewa watu, na takriban watu 100 wakaokoka. Tsunami hiyo hiyo ilivuka Bahari Hindi na kufika hata pwani ya Kenya, ambako mtu mmoja alifariki. Watu wa ufuo huo wa Thailand wanaishi kwa sababu mtoto alijua, na kwa sababu baba yake hakumwambia anyamaze.

Mafunzo haya ni budi yatofautiane kulingana na mahali mtoto anapoishi. Haifai mwanafunzi wa Budalang'i na mwenzake wa Mukuru wakariri orodha moja. Katika maeneo ya mafuriko, mtoto anafaa kujua kwamba mto uliokuwa wa kuvukwa kwa mguu asubuhi huenda usivukike jioni, kwani mvua iliyonyesha milimani haionekani kutoka shuleni. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 pekee yanaweza kumwangusha mtu mzima. Akiyakuta njiani arudi, hata ikiwa atalala kwa jirani. Wakati wa mafuriko ya mwaka wa 2024, serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule za nchi nzima kwa ajili ya hatari hiyo.

Kando ya barabara kuu na katika vitongoji, jambo la kwanza ni mafuta. Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea huko Sachangwan walipokuwa wakichota petroli kutoka kwa lori lililopinduka. Septemba 2011, mkasa mwingine ulitokea katika mtaa wa Sinai, Nairobi, mafuta yalipovuja kutoka kwa bomba. Mtoto akiona watu wakikimbia na mitungi kuelekea mafuta yaliyomwagika, yeye akimbie upande wa pili, na awaambie wadogo zake hivyo hivyo.

Magharibi mwa nchi na nchini Uganda, radi huua watoto wakiwa shuleni. Mwezi Juni 2011, wanafunzi 18 na mwalimu wao waliuawa kwa radi katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Mtoto akisikia ngurumo aondoke uwanjani, asisimame chini ya mti wala kukaa majini, na aingie ndani ya jengo kubwa au gari lililofunikwa kwa bati. Lakini hapa pia shule ina sehemu yake: darasa lisilo na nyaya za kukinga radi haliwezi kumhakikishia usalama.

Nyumbani, majeraha ya moto hutokana zaidi na jiko, sufuria ya chai na taa ya mafuta. Mtoto aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia havifai kupakwa kwenye kidonda, japo majirani watasisitiza.

Mtoto wa miaka saba anaweza kupiga simu ya dharura. Nambari 999 na 112 hazihitaji kukaririwa kwa siku nyingi. Kinachomshinda ni swali litakalofuata: uko wapi? Nyumba nyingi humu nchini hazina nambari wala mtaa wenye jina. Basi mtoto afunzwe kuieleza nyumba yao kwa vitu visivyohama: kanisa fulani, shule, kituo cha matatu, kisima, kisha rangi ya lango. Afunzwe pia jina kamili la mzazi. Wapo watoto wengi wanaomjua mama yao kama "Mama" tu, au kwa jina la mtoto wa kwanza.

Baadhi ya wazazi huhofia kwamba masomo haya yatawatia watoto hofu. Hofu hiyo haina budi kuheshimiwa, kwani picha za mabweni yaliyoungua hazina nafasi mbele ya mtoto wa Gredi ya Pili. Yeye afunzwe kwa mchezo na wimbo. Hata hivyo, mtoto huyo tayari amesikia habari za Endarasha redioni na kwa wakubwa zake. Kimya cha mwalimu hakimwondolei woga. Humwacha nao bila la kufanya.

Wengine hulalamikia muda. Walimu wana silabasi ya kukamilisha na madarasa yaliyofurika. Lakini zoezi la kuondoka darasani na kuita majina halizidi muda wa paredi moja ya asubuhi, na shule nyingi zina paredi kadhaa kila wiki ambazo nusu yake hutumiwa kuwakaripia waliochelewa.

Mzazi naye ana nafasi ya kupima mambo siku ya kuwatembelea watoto bwenini. Badala ya kumuuliza mwalimu mkuu iwapo kuna mpango wa dharura, jambo ambalo litajibiwa "ndiyo", amwombe mtoto wake amwonyeshe kitanda chake. Kisha amwambie afumbe macho na amwongoze hadi nje kwa njia mbili tofauti. Mtoto akisita, mazoezi hayajafanywa. Akifika kwenye mlango wa pili na kukuta kufuli, mzazi amuulize aliye karibu ufunguo uko kwa nani usiku, na asiondoke kabla ya kuuona.